Nguo za Kuingilia Tanurini

Msomaji aliyepata kutembea katika magofu ya pwani yetu, tangu Gedi hata Kilwa Kisiwani, hakosi kuvijua vigae vya kaure vilivyotapakaa mchangani. Na aliyefika Kunduchi ameziona nguzo za makaburi zilizopachikwa mabakuli ya Kichina, ingawa mengi yamekwisha kung'olewa na kuacha matundu matupu. Vyombo hivyo vimeandikiwa mengi. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipozuru pwani ya Tanganyika alistaajabia wingi wake, hata akaona kwamba historia ya nchi hii kwa karne nyingi imeandikwa kwa vigae vya Uchina. James Kirkman huko Gedi, na Neville Chittick huko Kilwa, walivitumia kuhesabia umri wa kuta na misikiti. Tumeelezwa vilifinyangwa wapi, vilisafirishwa kwa njia gani, na matajiri wa pwani walivionea fahari namna gani. Lakini kila bakuli katika hayo lilikuwa na siku moja isiyotajwa: siku ile tanuri lilipofunguliwa, na mtu akaingia ndani kulitoa ilhali kuta bado zina moto. Mtu huyo alivaa nini?

Swali laonekana dogo, tena la kifundi, lisilostahili kurasa za jarida kama hili. Mimi naliona kubwa, kwa kuwa nguo ya kazi ni shahidi. Daftari la tajiri laweza kunyamaza, na mfanyakazi wa tanuri aghalabu hakujua kuandika. Lakini ukijua alijifunga nini kichwani na mikononi, wajua pia tanuri lilikuwa na joto kiasi gani alipotakiwa aingie, na kwa hiyo wajua alipewa muda gani. Nitajaribu kuonyesha kwamba nguo za tanurini, kwa sehemu kubwa ya historia yake, zilivaliwa ili tanuri lipate kufunguliwa kabla ya kupoa. Na kwamba anayezichagua leo, akikisahau chanzo hicho, huenda akachagua vibaya.

Ushahidi ulio bora kuliko wote niujuao watoka Jingdezhen, mji wa Uchina uliotoa sehemu kubwa ya kaure za buluu na nyeupe zilizofika kwetu. Mwaka 1728 alipelekwa huko ofisa mmoja wa nyumba ya mfalme, jina lake Tang Ying, asimamie matanuri ya kifalme. Hakuijua kazi. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijifungia mlango, akaacha kutembeleana na wakubwa wenzake, akala na kulala pamoja na mafundi kwa muda wa miaka mitatu hata akajifunza. Mwaka 1743 mfalme Qianlong alimwamuru atoe maelezo ya picha 20 zinazoonyesha kazi ya kaure, kuanzia kuchimba udongo hadi kufungasha vyombo. Maelezo yake ni mafupi na makavu, ya mtu asiyependa kupamba neno, na kwa sababu hiyo yanaaminika.

Katika picha ya kufungua tanuri, Tang Ying aeleza kwamba tangu vyombo viingizwe hadi vitolewe ni kama siku tatu, na tanuri hufunguliwa asubuhi na mapema siku ya nne. Vyombo huwa vimetiwa ndani ya makasha ya udongo mgumu, ili ndimi za moto na majivu visiviguse. Asubuhi hiyo makasha bado yana wekundu hafifu, na hakuna awezaye kuyakaribia. Hungojwa kidogo, kisha wafunguaji huvaa glavu za kitambaa cha tabaka kumi au zaidi, zilizochovywa katika maji baridi, na kujifunika kichwa, mabega na mgongo kwa nguo zilizolowa, ndipo waingiapo. Vyombo vikiisha kutolewa, tanuri likali na joto lake, huingizwa vyombo vibichi, ili joto lile livikaushe visije vikapasuka.

Yafaa tuyasome maneno hayo polepole. Udongo unaoonyesha wekundu hafifu una joto lipatalo digrii 500 hadi 600 za Selisiasi. Tuseme umepungua kwa nusu katika kule kungoja kidogo: bado ni joto ambalo mkono mtupu hauliwezi hata kwa kufumba na kufumbua. Kwa nini basi wasingoje siku mbili zaidi? Tang Ying hakuuliza, lakini maneno yake ya mwisho yajibu. Joto la tanuri lilikuwa mali. Lilinunuliwa kwa magogo ya msonobari, na likiachwa kupotea hewani, hapana budi kuni nyingine zitafutwe za kukaushia shehena ijayo. Tabaka kumi za kitambaa kilicholowa zilikuwa rahisi kuliko kuni. Kwa hiyo glavu ile tuihesabu pamoja na koleo na ngazi, katika vyombo vya uchumi wa tanuri. Kama ilimwokoa mtu vidole, na hapana shaka iliwaokoa wengi, hiyo ilikuwa faida iliyofuatia.

Tang Ying huyohuyo ndiye aliyeandika pia habari za Tong Bin, fundi wa zama za mfalme Wanli (1572–1620). Yasimuliwa kwamba mjumbe wa ikulu alidai mabakuli makubwa yenye picha za joka, ambayo kila mara yaliharibika motoni, na mafundi wakapigwa na kuteswa kwa kushindwa. Tong Bin akajitupa katika tanuri liwakalo. Shehena ile, wasema, ikatoka salama. Watu wakafanya ghasia, na fundi yule akajengewa hekalu, akaabudiwa kama mlinzi wa matanuri. Sina haja ya kupima muujiza huo. Lakini mji uliovaa glavu za tabaka kumi ndio uliomtukuza mtu aliyeingia motoni bila kinga yoyote, na sababu ya mambo yote mawili ilikuwa moja, yaani amri kutoka juu isiyokubali kungoja.

Tuirudie nguo yenyewe, maana hapa wanafunzi wengi hupotea. Maji ni kinga, tena ni hatari. Ni kinga kwa sababu gramu moja ya maji yanayochemka haigeuki mvuke mpaka imeze kalori zipatazo 540. Nguo iliyolowa ikipigwa na mionzi ya joto hutumia joto hilo kukausha maji yake kwanza, na ngozi iliyo chini yake hupata nafasi. Tena haishiki moto upesi. Ni hatari kwa sababu maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa. Kitambaa kikavu chenye tabaka nyingi hulinda kwa ile hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Ukikilowesha umeifukuza hewa na kuweka mahali pake kitu kinachoharakisha joto kuelekea kidoleni. Aliyepata kuepua sufuria kwa kitambaa kibichi aijua habari hii bila kitabu. Na maji yakifikia kuchemka ndani ya glavu, mvuke wake huunguza vibaya sana, maana hauna pa kutokea ila penye ngozi. Wafunguaji wa Jingdezhen, basi, walikuwa na nukta chache tu za kushika kila kasha, na zile tabaka kumi ziliziongeza kidogo. Waliijua hesabu hiyo kwa mazoea ya mwili, wakaifuata. Mtu wa leo akiinyofoa desturi ile na kuamrisha kwamba glavu ziloweshwe, amechukua nusu ya maarifa na kuiacha nusu iliyo muhimu. Glavu za ngozi, kadhalika na za nyuzi za kisasa, hutakiwa kuwa kavu kabisa.

Habari za Jingdezhen zilifika Ulaya hasa kwa barua mbili za kasisi Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, za mwaka 1712 na 1722, nazo zilisomwa kwa tamaa kubwa, kwa kuwa kila mfalme huko alitaka kaure yake. Uingereza ilikuwa na mahali palipofaa kwa ufinyanzi wa jumla: sehemu ya kaskazini ya Staffordshire, penye udongo na makaa ya mawe katika ardhi ileile. Tangu karne ya 18 miji sita iliyopakana, Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton, iligeuka kuwa kama karakana moja. Mwaka 1910 iliunganishwa, ikaitwa Stoke-on-Trent. Vyombo vya Ulaya, vya Kiingereza vikiwamo, ndivyo vilivyokuja kujaza rafu za Unguja na mwambao katika karne ya 19, mahali palipokuwa pa kaure za Uchina. Basi anayefuata safari ya sahani kutoka makaburi ya Kunduchi hadi makabati ya bibi zetu hana budi kupitia huko.

Tanuri la Staffordshire lilikuwa na umbo la chupa: nje ganda la matofali lililonenepa chini na kuwa na shingo nyembamba juu, ndani yake chumba cha duara cha kuchomea. Yalipokuwa mengi kabisa yalipata 2,000; yaliyosalia leo hayafiki 50. Vyombo viliwekwa katika makasha, kama kule Uchina, na makasha yakapandishwa moja juu ya jingine kama nguzo hata karibu na dari. Kasha lililojaa lilifikia ratili 56, karibu kilo 25, na wapangaji walilibeba kichwani, wakipanda nalo ngazi. Ndani ya kofia waliweka soksi iliyoviringwa ikawa duara. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa zaidi. Hiyo ni kata, au ngata kama wasemavyo wengine, ileile iwekwayo chini ya mtungi. Mlango ukiisha kuzibwa kwa matofali, moto uliwashwa katika vinywa vilivyolizunguka tanuri, na mkuu wa moto hakwenda kulala kwake hata kazi iishe. Kuchoma mara ya kwanza kulichukua siku mbili hadi tatu, makaa ya mawe yaliyoliwa yalizidi tani kumi, na joto lilipita digrii 1,000.

Kisha ilifaa kungoja siku mbili. Lakini tanuri linalopoa halimwingizii mwenyewe fedha. Mzigo ulipohimizwa, matofali ya mlango yalibomolewa mapema, na wapangaji walewale wakaingia kupakua. Walivaa koti juu ya koti, wakajizungushia vitambaa vilivyolowa kichwani na mikononi, wakaingia mbio na kutoka mbio. Sidhani kwamba yupo katika watu hao aliyewahi kusikia jina la Tang Ying. Miaka mia na zaidi baada yake, upande wa pili wa dunia, walifikia nguo ileile kwa sababu walipewa haraka ileile. Tofauti ilikuwa katika kitambaa, na tofauti hiyo iliwafaa: makoti makuukuu ya Mwingereza wa siku zile yalikuwa ya sufu, na sufu haishiki moto upesi, hujizima ikiondolewa motoni, wala haiyeyuki ikagandamana na mwili.

Nani aliyenunua makoti hayo? Hapa yafaa kukumbuka desturi moja ya miji ile iliyoleta ugomvi wa miaka mingi. Mfinyanzi alilipwa kwa kile tu kilichotoka tanurini kikiwa kizima. Chombo kilichoharibiwa na moto, ambao yeye hakuuwasha wala kuuongoza, kilikuwa hasara yake. Methali yetu yasema mfinyanzi hulia gaeni, na kwa kawaida twaitumia kumcheka fundi asiyejitengenezea mwenyewe. Kule Staffordshire gae lile liliandikwa katika hesabu ya mshahara. Penye mapatano ya namna hiyo si ajabu kwamba kinga ya mwili nayo ilitoka katika matambara ya nyumbani.

Watoto hawakuwa na hata hayo matambara. Samuel Scriven, aliyetumwa mwaka 1841 kuchunguza kazi za watoto katika miji hiyo, aliwakuta wavulana wadogo wakikimbia kutwa na kalibu zenye vyombo vibichi, kutoka meza ya mfinyanzi hadi chumba cha kukaushia chenye jiko liwakalo, na kurudi. Katika majira ya baridi walitoka humo na jasho lao wakiwa na nguo chache, wakaenda penye theluji. Charles Shaw, aliyeianza kazi hiyo akiwa na miaka saba hivi, aliieleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1903. Wakaguzi wa leo huulizia sana joto la ndani na kusahau baridi ya mlangoni, yeye hakuisahau. Bunge liliziingiza karakana za vyombo katika sheria za viwanda mwaka 1864.

Kulikuwa na adui mwingine asiyeonekana kwa wekundu. Ili kaure ya Kiingereza, iliyochanganywa majivu ya mifupa, isipinde katika moto wa kwanza, ilizikwa ndani ya unga wa jiwe la gumegume. Moto ukiisha, unga huo ulikung'utwa na kupigwa brashi, na vumbi lake likaingia mapafuni. Ugonjwa uliotokea, silikosisi, watu wa huko waliuita uozo wa wafinyanzi. Mahali pengine hatari ilikuwa risasi iliyotiwa katika glezi, yaani ule utando wa kioo unaokivika chombo. Na hapa koti zito lisilofuliwa, ambalo lilimfaa mpakuaji mbele ya moto, likageuka kuwa ghala la vumbi, likalipeleka hata chumbani mwa watoto wake. Kanuni maalumu za mwishoni mwa karne ya 19 ziliwalazimisha matajiri kuwapa waliogusa risasi nguo za juu na kuzifua. Kanuni za mwaka 1947 zilikataza glezi za risasi mbichi na kukomesha matumizi ya unga wa gumegume katika kupanga kaure. Unga wa alumina ulishika mahali pake.

Baadaye ilionekana kwamba hata pamba iliyofuliwa hushika vumbi na kulirudisha hewani kila mtu ajongeapo, na viwanda vikapendelea nguo za Terylene, nyuzi ya poliesta iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941, ambayo ni laini na haishiki vumbi. Ilikuwa hekima mbele ya meza ya kupigia brashi. Mbele ya mlango wa tanuri ingekuwa balaa, kwa kuwa poliesta huyeyuka katika digrii 250 hadi 260, na ikiyeyuka hugandamana na ngozi. Nguo iliyo salama chumba kimoja ilikuwa hatari chumba cha pili. Twapaswa kulisisitiza jambo hili katika nchi zetu, ambako kanga na vitenge vingi vya leo vina poliesta ilhali jina na marembo yake ni yaleyale ya zamani. Mwanafunzi adhaniaye amejifunga pamba na ajaribu kuchoma uzi mmoja wa pindo. Ukiwa majivu laini ni pamba. Ukijikunja ukawa punje ngumu, aiache kanga hiyo nyumbani.

Kati ya nguo za mapakuaji wa kale na za leo pana kipindi ambacho ningependa kukipita haraka, lakini sistahili kukipita. Karne ya 20 ilipata nyuzi ambayo haiungui kabisa: asbesto. Glavu zake zilisifiwa, na wafinyanzi wa karakana ndogo na wa vyuo walizivaa kwa miaka mingi baada ya hatari yake kujulikana. Tena ilijulikana mapema. Nellie Kershaw, mwanamke aliyesokota asbesto huko Rochdale, alikufa mwaka 1924, na daktari William Cooke akaandika habari za mapafu yake. Mwaka 1930 Merewether na Price walitoa taarifa rasmi juu ya wafanyakazi wa nyuzi hiyo, na kanuni zikafuata mwaka 1931. Hata hivyo Uingereza haikuikataza aina nyeupe hadi mwaka 1999. Glavu iliyochakaa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa nyuzi zake huvunjika na kupeperuka. Na glavu za tanurini huchakaa upesi. Akikuta mtu katika ghala la chuo cha zamani glavu nyeupe au za kijivu, nzito, zenye sura ya kitambaa cha katani, asizijaribu wala kuzikung'uta.

Macho nayo yalichelewa kufikiriwa. Kutazama kwa miaka mingi katika tundu la tanuri huleta mtoto wa jicho, na jambo hilo lilijulikana kwanza kwa mafundi wa kioo. William Crookes alitoa mwaka 1914 matokeo ya majaribio yake mengi ya kutafuta kioo cha miwani kinachozuia mionzi ya joto bila kumtia mtu gizani. Miwani ya jua ya dukani haitoshi. Hata ile ya didimiamu wanayoipenda wapuliza kioo huondoa mng'ao wa manjano tu. Afaaye kuigwa ni mchomeleaji wa vyuma na kioo chake cha kijani, namba 3 hivi.

Mpaka hapa nimewataja watu wa matanuri yenye kuta. Wafinyanzi wengi wa Afrika ya Mashariki, ambao ni wanawake, hawakujenga ukuta wowote. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao vyajulikana mbali, huchoma uwanjani. Na ndivyo ilivyokuwa desturi ya sehemu nyingi, vyungu kupangwa juu ya kuni, kufunikwa kwa majani makavu na kuwashwa. Moto wa namna hii hufikia digrii 600 hadi 900 kwa muda mfupi, na chungu huondolewa kwa mti mrefu. Wageni walioandika juu ya ufinyanzi huu waliuita wa kishamba kwa sababu hauna tanuri. Kwa habari ya kinga wangeweza kujifunza kitu. Mionzi ya joto hupungua kadiri uendavyo mbali, na hukua kwa kasi kadiri moto ukuavyo: kitu chenye digrii 1,000 hutoa mionzi mara saba hivi ya kile chenye digrii 500. Mti wa urefu wa mikono minne, pamoja na uhuru wa kusimama upande utokako upepo, ulimpa mfinyanzi wa uwanjani kinga ambayo mpakuaji wa Staffordshire, aliyezungukwa na kuta za moto pande zote, hakuweza kuipata kwa makoti yake yote. Tena chungu kilikuwa chake, na saa ya kukiondoa ilikuwa yake.

Tanuri la chupa halikuuawa na huruma. Mapema katika karne ya 20 Conrad Dressler alitengeneza tanuri la umbo la handaki, ambamo vyombo hupita juu ya magari madogo, huingia baridi upande huu na kutoka vimepoa upande ule, na moto hukaa mahali pamoja bila kuzimwa. Karakana mpya ya Wedgwood huko Barlaston, iliyoanza kazi mwaka 1940, ilitumia mahandaki ya umeme. Makaa yalihesabiwa, ikaonekana kwamba kuchoma mfululizo ni nafuu. Kisha sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 ikamaliza moshi. Mara ya mwisho tanuri la chupa kuwashwa ilikuwa mwaka 1978, huko Longton, kwa ajili ya makumbusho, na wazee waliijia kazi waliyokuwa wamekwisha kuiacha. Haja ya mtu kuingia tanurini iliondoka kwa sababu ileile iliyomwingiza, yaani gharama ya joto.

Ilirudi kwa mlango mwingine. Vyuo na karakana ndogo za leo zina matanuri ya umeme na ya gesi, na wapo wanaofuata mtindo wa Kijapani wa raku, ulioanza katika karne ya 16, ambao chombo hutolewa kikiwa chekundu kabisa, karibu digrii 1,000. Kwa raku hapana hila: chombo hushikwa kwa koleo refu la chuma na wala si kwa glavu, hata ziwe za aramidi. Nyuzi hizo zilipatikana katika miaka ya 1960, na Stephanie Kwolek, aliyegundua mwaka 1965 ile iitwayo Kevlar, amestahili sifa zote. Lakini nazo huharibika katika digrii 500 hivi, na wauzaji hawapendi kuandika kwa herufi kubwa kwamba glavu ni ya kugusa kitambo kidogo tu. Juu ya mwili vaa sufu au pamba nzito yenye mikono mirefu, bila kukunja pindo la suruali, maana kaa likiangukia mkunjo hukaa humo. Aproni ya ngozi ni nzuri. Joho lenye utando wa alumini hurudisha sehemu kubwa ya mionzi, yapata tisa katika kumi likiwa safi, na likichafuka masizi faida hiyo hupungua. Walikununua bila kujua kulitunza wametupa fedha. Viatu viwe vya ngozi, vilivyofunika kidole, visivyo na soli ya povu. Nywele zifungwe, na mtandio wa hariri ya viwandani uvuliwe.

Kwa tanuri la umeme la chuo mambo ni mepesi zaidi, isipokuwa siku ya maonyesho inapokaribia na wanafunzi wanapotaka kuona kazi zao jioni hiyohiyo. Hapo ndipo wanapoanza kuulizana ni nani mwenye glavu nene. Kipimajoto kikiachwa kishuke chini ya digrii 100 kabla ya kifuniko kuinuliwa, glavu za kawaida za ngozi zatosha, na katika matanuri mengi hilo huwa kesho yake mchana.